Jani Lililokosa Mkono

Kanisani, Mektrida alisali sala zote isipokuwa nusu mstari. Katika Baba Yetu, wenzake wakifika pale pa kuwasamehe waliowakosea, yeye alifunga mdomo, akatazama viatu vya aliyesimama mbele yake, kisha akajiunga nao tena kwenye kishawishi kama mtu aliyeruka dimbwi. Aliona heri anyamaze kuliko kumdanganya Mungu mchana kweupe. Kigango kizima kilijua, na kilijua pia ni nani aliyekuwa akirukwa katika nusu mstari ule. Ni shemeji yake Melkior, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye kufikia masika ya mwaka themanini na tano alikuwa na mwaka na zaidi kaburini.

Alikuwa na haki ya kukasirika, na asije mtu akaniambia vinginevyo. Mumewe, Kornel, alikuwa na kiduka pale Uru, kando ya barabara inayoteremka Moshi. Mwaka themanini na tatu serikali ilipotangaza vita na wahujumu uchumi, kukutwa na bidhaa ulizozificha lilikuwa jambo la kumfikisha mtu mahakamani, na Kornel alikuwa nazo. Hakuwa mwizi, masikini. Alikuwa mwoga tu wa kuamka akute rafu tupu, kwa hiyo alificha katoni sita za sabuni na magunia mawili ya sukari chini ya majani ya ng'ombe, upande wa nyumba wanakolala mifugo. Asubuhi moja mgambo wakaja. Hawakugusa duka, hawakuingia chumbani. Walikwenda moja kwa moja kwenye majani ya ng'ombe, wakayafunua. Kornel akaondoka nao na shati la kulalia. Baada ya miezi minne mahabusu, kesi haijasikilizwa, homa ya matumbo ikamchukua.

Nani alisema? Hapo Mektrida hakuhitaji mganga. Aliyemsaidia Kornel kubeba zile katoni alikuwa Melkior peke yake. Tena wanawake waliokuwa wakiteremka sokoni asubuhi ile walimwona Melkior amesimama barabarani na mkuu wa mgambo, kofia mkononi, anaongea na kucheka. Anacheka! Habari hiyo ilimfikia Mektrida kabla vumbi la gari lililomchukua mumewe halijatulia. Hakwenda kumuuliza Melkior kitu. Mtu akishajua, aulize nini tena?

Wiki tatu baada ya mazishi, Melkior akaja na isale.

Huku mlimani isale si jani la mchezo. Ni lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu yanayozunguka nyumba, na juu ya makaburi, na mtu akikujia nalo mkononi, amekuja kuomba msamaha. Ukilipokea, yamekwisha, hata kama kati yenu ilimwagika damu. Kulikataa mbele ya aliyelileta ni kujiitia laana wewe mwenyewe. Na mambo yake yana utaratibu: kwanza jani, maneno baadaye. Anayelileta haelezi lolote mpaka mkono wa pili uwe umelishika, maana wazee waliona kwamba watu wakianza kwa maneno watagombana upya.

Mektrida alimwona kwa mbali, amevua kofia, jani amelipiga fundo kwenye ncha. Akaingia ndani akatia komeo. Kukataa isale usoni hakuruhusiwi, lakini hakuna mila inayomlazimisha mtu atoke ndani ya nyumba yake. Hila hiyo aliigundua mwenyewe, na aliionea fahari.

Melkior alisimama uani tangu umande mpaka jua likawa kali la kuanikia kahawa. Hakugonga, hakuita. Akaondoka. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu ilinyesha mvua ya upepo, naye akasimama vile vile, amenyoosha jani mbele yake, mkono ukitetemeka. Ulipochoka alihamishia mkono wa pili. Mektrida alikuwa akimtazama kupitia ufa wa ubao, na tuseme ukweli, alijisikia vizuri. Alijisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu mazishi. Duka lilikuwa limefungwa, kitanda kimekuwa kikubwa, sauti ya Kornel alikuwa ameanza kuisahau. Chuki ile ndiyo ilikuwa kitu pekee alichoachiwa na mumewe kikiwa bado na joto, na sasa mtu amekuja na jani anataka amnyang'anye. Atabaki na nini?

Mwezi wa kwanza wa mwaka themanini na nne kifua kikamkamata Melkior, akafa. Wapo walionong'ona kuhusu mvua ile. Mektrida alihudhuria mazishi, lakini wenzake walipokuwa wakitupa udongo, yeye alificha mikono ndani ya khanga.

Mwaka ukapita, kimya.

Isale la kwanza alilikuta Jumapili, mvua za masika zilipoanza. Alifungua mlango alfajiri akaliona limelala kizingitini, bichi, lina maji. Akasema ni upepo. Lakini upepo hauwezi kuling'oa jani mpakani, ukalipitisha migombani, ukaja kulilaza sawasawa, ncha ikitazama mlango. Hakuligusa, kwa sababu kuligusa ni kulipokea. Alitafuta kijiti, akalisukuma mpaka kwenye mfereji wa maji ulio chini ya ua, likaenda na maji. Jumapili iliyofuata akalikuta jingine, akalisukuma nalo.

Jumatano akalikuta la tatu, na hili lilikuwa na fundo.

Melkior alikatwa vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kumenyea kahawa angali kijana, na tangu hapo kila fundo alilofunga lilizunguka kwa kushoto. Mektrida aliyajua mafundo yale. Kwa miaka ishirini shemeji ndiye aliyewafungia kamba za ng'ombe, na kuyafungua ilikuwa kazi ya kumtoa mtu jasho. Alisimama na kijiti chake akilitazama fundo lile, lililokazwa barabara na lenye unyevu, ukungu ukipita miguuni mwake kuelekea ndani ya nyumba.

Tangu siku hiyo yakawa yanakuja. Alhamisi moja, Jumanne mbili mfululizo, kisha Ijumaa, na kila Jumapili kama kawaida. Yalikuja ule wakati wa alfajiri ambapo ukungu unateremka kutoka msituni na mtu haoni hata mgomba wake wa kwanza. Akaacha kutumia mlango wa mbele, akawa anatokea upande wa ng'ombe. Siku ya nne akalikuta upande huo huo. Ng'ombe, aliyekuwa na kiu, hakutaka kutoka. Alikanyaga nyuma, masikio mbele, akitazama mahali patupu pa ua, kimo cha uso wa mtu.

Mektrida akapatazama na yeye. Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku, na ua wote ulikuwa tope. Pale tu, hatua tano kutoka mlangoni, palikuwa na alama mbili kavu za vumbi, pana na fupi, zikielekea nyumba. Ni kama mtu amesimama hapo mvua yote, ndiyo kwanza ameondoka.

Unaweza kusema angetafuta mtu hai wa kumlaumu. Alimtafuta. Wa kwanza kumfikiria ni Digna, mjane wa Melkior, kwa sababu kihamba chao na chake vinagawanywa na ule mstari wa masale. Lakini Digna alianguka akichuma kahawa msimu uliopita akavunjika nyonga, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka kitandani mpaka jikoni, akijiburuta na kigoda. Mwanaye Gabriel alikuwa tambarare kwenye kiwanda cha sukari, anakuja Krismasi kwa Krismasi. Akamwendea padri. Padri alikuja akanyunyiza maji ya baraka pembe zote, kisha akamwambia kwa upole kwamba huenda kisichokuwa na amani hakipo nje ya nyumba. Mektrida alimshukuru, akampa mkungu wa ndizi, na moyoni akasema mzungu anajua nini kuhusu masale. Kesho yake asubuhi jani lilikuwa limelala juu ya kizingiti kilichonyunyizwa.

Binti yake hakumwambia. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Flavia, miaka kumi na saba. Siku za kazi alikaa kwa shangazi yake Soweto, huko mjini, akijifunza kushona, akapanda nyumbani Jumamosi na kuteremka Jumatatu. Tangu baba afe, mtoto huyo aliacha kucheka, na alikuwa mwepesi wa kazi kupita kiasi: ukitafuta maji yameshatekwa, ukitafuta kuni zimeshapasuliwa. Mektrida aliona ni majonzi. Hakutaka kumwongezea habari za wafu.

Ila hasira nayo ilikuwa imempanda. Mtu amekuulia mume, anakuja na kifo chake kukulazimisha umsamehe? Hata kaburini hana adabu? Mektrida alipiga moyo konde kwamba atamsubiri. Jumapili ya tano aliamka jogoo wa kwanza, akavaa koti la Kornel, akaketi nyuma ya mlango na panga mapajani. Atafanya nini na panga kwa mtu aliyekwisha kufa, hilo hakujiuliza.

Nje kukaanza kupambazuka. Akasikia hatua, lakini hazikutoka nje. Zilitoka ndani, nyuma yake. Zilipita polepole upande wa ng'ombe, mlango wa huko ukalia, kisha kimya. Kitambo kidogo hatua zile zile zikasikika uani, zikaja, zikakoma upande wa pili wa ubao aliouegemea. Mektrida akatoa komeo na kuvuta mlango kwa nguvu zote.

Flavia alikuwa amepiga magoti kizingitini, jani mkononi, ukungu umemlowesha nywele.

Kwanza Mektrida alipumua, kisha akafoka. Alimuuliza ni akili gani hiyo ya kumchezea mama yake, kumwendesha kama kichaa wiki nne nzima, mpaka amezungumza na ng'ombe. Flavia hakusimama. Alinyoosha jani kwa mikono miwili.

"Mama, pokea kwanza."

"Nipokee nini? Sema kwanza."

"Si utaratibu, mama."

"Sema."

Basi Flavia akasema, bila kuinua macho. Mwaka ule alikuwa na rafiki, binti wa balozi wa nyumba kumi. Sabuni ilikuwa imeadimika na watu walikuwa wakifua kwa maji matupu, naye akamkatia rafiki yake kipande, akajigamba kwamba kwao haitaisha mpaka Krismasi, ipo chini ya majani ya ng'ombe. Ilikuwa majigambo ya watoto tu. Siku ya pili alfajiri, yule rafiki alimjia kwenye mfereji wa maji analia, akamwambia baba yake balozi ameshateremka kwa mgambo. Flavia akamkimbilia baba mdogo. Melkior hakumpiga wala hakumkaripia. Alimwambia kimbia kamwambie baba yako aihamishe sasa hivi, mimi nakwenda kuwachelewesha barabarani. Akateremka, akawasimamisha, akavua kofia na kuwapigia soga na vichekesho kadiri alivyoweza.

"Na wewe?"

"Sikwenda, mama. Nilijua baba ataniuliza nimejuaje. Nikajificha migombani mpaka gari likaondoka."

Melkior alijua yote hayo. Baada ya mazishi alimwambia Flavia kwamba mtoto hampelekei mama yake isale peke yake, anapelekewa na mkubwa. Mama akishalipokea mkononi mwangu, alisema, ndipo nitamwambia ni la nani, na hapo hataweza tena kukukataa. Lakini jani halikupokelewa, na maneno hayawezi kutangulia. Asingeweza kusimama uani akapiga kelele za kosa la mtoto mbele ya mlango uliofungwa, majirani wakisikia. Akafa na siri hiyo.

Mektrida alingoja hasira ije. Aliijua njia yake, inaanzia tumboni, inapanda. Alingoja mpaka akashangaa. Alipotazama chini aliona mkono wake mwenyewe umeshalishika jani. Hakukumbuka kulishika. Flavia alikuwa anatetemeka, midomo imekuwa ya majivu, na kilichomjia mama yake kichwani ni kwamba mtoto huyu atapata homa. Alimwinua, akamwingiza ndani, akamvika koti la baba yake, akachochea moto, akabandika maziwa.

Maziwa yalipoanza kupanda ndipo akaelewa alichokifanya, na akaogopa kuliko alivyoogopa fundo. Kosa lilikuwa lile lile. Sabuni ile ile, mgambo wale wale, Kornel yule yule ndani ya shati la kulalia. Jani limetoka mstari mmoja. Kwa mmoja alikaa siku tatu nyuma ya ufa wa ubao akifurahia mkono wa mtu ukitetemeka mvuani, na kwa mwingine hata maziwa hayajachemka. Basi si kosa lililokuwa halisameheki. Kosa alikuwa analiweza. Ni mtu tu aliyekuwa amemchagua wa kumchukia, akamchagua asiye na hatia, kwa kuwa alikuwa karibu na kwa kuwa alicheka.

Aliuliza, mgongo ukiwa kwa Flavia, ni nani aliyemfundisha lile fundo.

"Fundo gani, mama?"

"La kwenye ncha. La baba yako mdogo."

Flavia aliweka kikombe chini. Alisema hajafunga fundo lolote. Alisema majani yake ni ya Jumapili tu, kwa sababu siku nyingine anakuwa Soweto, na shangazi ni shahidi. Wakatazamana. Upande wa mifugo ng'ombe alikohoa, au kitu fulani kilikohoa, na hakuna aliyesimama kwenda kuangalia.

Mektrida hakusubiri ukungu uondoke. Alikwenda mpakani akakata isale kwa mkono wake, akapita upande wa pili mpaka jikoni kwa Digna. Digna alikuwa juu ya kigoda, anamenya ndizi za kupika supu ya mtori. Mektrida alipiga magoti hapo majivuni, akanyoosha jani. Digna alilitazama, kisu kikiwa kimesimama.

"Mtoto amekuambia."

"Ulikuwa unajua, Mama Gabriel?"

Alikuwa anajua. Melkior alimwapisha kitandani, siku mbili kabla ya kufa, kwamba jina la mtoto lisitoke. Ndiyo maana alikaa mwaka mzima akisikia mumewe anaitwa msaliti kisimani, kanisani na sokoni, akameza. Hayo aliyasema bila ukali, akaendelea kumenya. Mektrida alibaki na jani hewani. Mwishoni Digna akatikisa kichwa.

"Mimi siwezi kulipokea, Mama Flavia. Si mimi uliyenifungia mlango. Mwenyewe yuko huko nyuma." Akaonyesha migombani kwa kidevu.

Kaburi lilikuwa hatua thelathini kutoka hapo, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Mektrida alilitafuta kwa miguu. Alipolifikia, alivua kitambaa cha kichwa. Akanyoosha jani mbele yake. Alikuwa na mengi ya kusema, yamemjaa mpaka kooni: kuhusu ufa wa ubao, kuhusu mvua, kuhusu udongo ambao hakuutupa. Lakini kwanza jani, maneno baadaye, na yule aliyekuja kumwomba hakuwa ametokea. Hapo ndipo alipojua maana ya kusimama hivyo, na maneno ya kweli kifuani, mbele ya mtu ambaye hataki kuja.

Mvua ikaanza. Majani ya migomba yakapokea, kisha yakaanza kumwagia chini. Mkono wa kulia ukachoka, akahamishia wa kushoto. Wa kushoto nao ukaanza kutetemeka. Kwa Digna kisu kilikuwa kimenyamaza. Alifikiria kulilaza jani juu ya udongo, aende zake, arudi kesho, na akajua kwamba hata akirudi siku tatu, hata akirudi mwaka, Melkior hakuwa na deni la kumtokea. Hilo lilimuuma kama kidonda kipya, akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya Kornel. Hakushusha mkono.

Ndipo jani likavutwa.

Hakuna upepo uliokuwa ukivuma. Lilivutwa taratibu kutoka upande wa pili, jinsi mtu mzima anavyopokea kitu kwa mtu anayemheshimu. Kila kilichokuwa hai ndani ya Mektrida kilitaka kukimbia. Miguu ilikuwa imeshageuka nusu. Akairudisha, akasimama sawa, akafungua vidole.

Jani halikuanguka chini. Mektrida akavuta pumzi, akaanza kusema.